Waipa au sumu: kulinda lenzi za vihisi vya baharini

Kihisi, yaani kifaa cha kupima hali ya maji, kikizamishwa baharini, ndani ya saa chache bakteria huanza kutanda juu ya kioo chake, kisha huja mwani wa chembe moja, na baada ya wiki kadhaa, hasa katika maji yenye joto na mwanga, hufuata kome na viumbe wengine wenye magamba. Wabunifu wamegawanyika kuhusu kinga. Wapo wanaotumia waipa, yaani mkono mdogo wenye mpira au brashi unaoifuta lenzi, na wapo wanaopendelea kinga isiyo na kitu kinachozunguka: shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe hao, mwanga wa urujuanimno, au klorini inayozalishwa kwa umeme kutoka maji yaleyale ya chumvi.

Kundi la pili lina hoja nzito. Mota hula betri, ekseli inayotoboa ukuta wa kifaa inaweza kupitisha maji, na mchanga ulionasa kwenye mpira huikwaruza lenzi. Wala waipa haiingii ndani ya kibomba chembamba cha kupimia chumvi.

Kwa vihisi vya mwanga, hata hivyo, waipa imedharauliwa isivyostahili. Kihisi cha klorofili, yaani rangi ya kijani iliyomo ndani ya mwani, humulika maji kwa mwanga wa buluu na kupima mwanga mwekundu unaotolewa na mwani. Ukoga, yaani utando wa viumbe hao, ukiota juu ya kioo, mwani uliomo ndani yake nao hung'aa, na namba hupanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, sawasawa na vile ambavyo zingepanda kama mwani ungekuwa unastawi majini kweli. Mtafiti aliye mbali hana sababu ya kutilia shaka mchoro mzuri namna hiyo, na anaweza kuuandikia ripoti nzima. Waipa ikikwama mbele ya lenzi, kipimo huruka ghafla na kosa huonekana. Sumu inayoisha nguvu haitoi ishara yoyote.

Tena waipa haibadilishi maji yanayopimwa, ilhali klorini huweza kuua mwani uleule unaopimwa. Kuhusu sumu kali, rangi za meli zenye tributilitini, sumu ya kuzuia viumbe kuota kwenye meli, ziliwafanya konokono wa kike wa baharini kuota viungo vya kiume, hadi mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, ukazipiga marufuku.

Ningechagua mkono unaozungushwa kwa sumaku, ili ukuta wa kifaa usitobolewe, wenye bamba la shaba linaloifunika lenzi muda wote usio wa kipimo. Kipimo kichukuliwe kabla na baada ya kufuta, na namba zote mbili zihifadhiwe, kwani tofauti yake huonyesha ukoga ulikuwa umefikia wapi.