Kwa nini gari lenye fremu ya mbao halishuki bei kama IST

Ukitaka kuuza gari Dar es Salaam, dalali haanzi na injini wala kilomita. Anauliza: namba gani? Yaani, herufi za kibao cha usajili zinaanza na ipi. Toyota IST namba C na IST namba D zinaweza kuwa zilitoka kiwandani mwaka mmoja, lakini iliyosajiliwa baadaye itaitwa mpya, na mwenzake ataambiwa amechoka. Mtu aliyezoea kupima magari kwa herufi akisikia kwamba Morgan Plus 8 ya miaka ya 1990, gari la Kiingereza la viti viwili, linaloundwa kwa mkono na lenye umbo la kabla ya Vita vya Pili, mara nyingi inauzwa Uingereza kwa pauni zinazokaribia zile alizolipa mnunuzi wa kwanza, jibu lake huwa tayari: hao ni matajiri wananunua sifa, gari ni gari, na kila gari linashuka bei.

Hoja hiyo ina ukweli wake, na nitaifikia. Ila inaruka kitu ambacho fundi yeyote wa gereji za Gerezani angekiona ndani ya saa moja akipewa gari hilo alifungue.

Kwanza, chesisi ya Morgan si ya mbao, ingawa maneno hayo yamezagaa. Kwenye gari hili ni ya chuma. Ile ya muundo wa ngazi iliyoanza mwaka 1936 iliendelea, ikirekebishwa hapa na pale, hadi 2020 ilipoipisha ya alumini. Mbao ni mifupa ya bodi: mti uitwao ash, mwepesi kiasi, unaopindika bila kupasuka na unaoshika skrubu sawasawa. Bati la chuma au alumini linakunjwa na kugongewa juu ya mifupa hiyo. Ni mpango ule ule wa lori lenye bodi ya mbao: chini chesisi ya kiwandani, juu kazi ya seremala.

Sasa foleni ya kungoja gari jipya, ambayo wengi huitaja kwa sentensi moja na kupita. Mwaka 1990, John Harvey-Jones, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza, alikwenda kwenye kiwanda cha Morgan, mjini Malvern, kwa ajili ya kipindi cha BBC. Alikuta wateja wanasubiri kwa miaka, na magari yasiyokamilika yakisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine. Akashauri kiwanda kiongeze uzalishaji na kipandishe bei. Familia ya Morgan ilikataa sehemu kubwa ya ushauri huo.

Kwa hesabu za kiwanda, huenda mgeni alikuwa sahihi. Lakini litazame jambo hilo kwa macho ya mtu ambaye gari analo tayari. Anayetaka jipya atangoja zamu yake. Anayelitaka Jumamosi hii ana mlango mmoja tu, wa mtu kama wewe. Kwa hiyo unapouza gari lililotumika, unauza pamoja nalo ule muda wa kungoja, na muda huo una bei. Uchakavu unavuta bei chini, foleni inaivuta juu, na zikikaribiana nguvu, bei inasimama. Kiwanda kinachotoa magari kwa mamia tu kwa mwaka hakiwezi kuamka siku moja na kufurisha soko. Hapa kwetu meli moja ikishusha mamia ya magari bandarini, IST yako imeshuka bei nawe bado umelala, hata kama hujaiwasha mwezi mzima.

Umbo nalo linafanya kazi yake. Harrier ya toleo jipya ikitoka, ya zamani inaonekana ya zamani siku hiyo hiyo. Morgan ya 1975 na ya 2005 zikiegeshwa pamoja, wengi hawatajua ipi ni mkubwa wa mwenzake.

Lakini sababu ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba gari hili linatengenezeka. Morgan hawakujisumbua kuunda injini za magari yao ya magurudumu manne, waliazima. Plus 8, kuanzia 1968 hadi 2004, ilitumia V8 ya Rover, ukoo ule ule wa injini uliokuwa ndani ya Range Rover za kwanza. 4/4, Morgan nyingine ndogo yake, kwa miaka mingi ilibeba injini za Ford. Maana yake, vipuri vigumu kutengeneza, kama pistoni, kemshafti na beringi, vilitoka kwenye viwanda vya maelfu kwa maelfu na bado vinapatikana. Vilivyotengenezwa kwa mkono ni vile ambavyo mkono mwingine unaweza kuvirudia: mbao, bati, ngozi ya viti. Gari la kisasa linakufa siku kompyuta yake ikiungua na kiwanda kimeacha kuitengeneza. Hili lina vipande vichache mno vinavyoweza kulizika.

Dar tunalijua jambo hili, hatujalipa jina tu. Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, haiulizwi namba kama IST inavyoulizwa. Land Rover 110 nayo, yenye bodi ya alumini inayofunguka kwa bolti, kiwanda chake cha Solihull kiliacha kuitoa Januari 2016, na mwenye nzima haharakishi kuuza. Mnunuzi anajua kwamba kila kinachoharibika kina fundi.

Upande wa pili una hoja tatu, na ya kwanza ni ngumu. Magari haya yanashikilia bei kwa sababu hayatembezwi. Yanakaa bandani, yanatoka siku za jua, yanarudi. IST ya teksi za Bolt inakula barabara mchana na usiku. Kuyalinganisha bila kusema hivyo ni kumdanganya msomaji. Na bei isiyoshuka haina maana kwamba fedha haikutoka: mfumo wa kubeba magurudumu ya mbele wa Morgan za zamani, wenye nguzo zinazoteleza, unataka grisi kila maili 1,000 hivi, kama kilomita 1,600. Ukizembea, nguzo na bushi zinalika na usukani unaanza kutangatanga.

Mbao nazo zinaoza, na hewa ya pwani haina huruma. Maji yanaingia kati ya bati na mbao, hayana pa kutokea, misumari inashika kutu, kutu inaulegeza mti, kisha fangasi na bungua wanamalizia. Namna ya kujua ni rahisi. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini upande wa kitasa, uunyanyue taratibu huku unatazama bawaba. Ikicheza pini peke yake, tatizo ni dogo. Nguzo ya mlango ikinyanyuka pamoja na bawaba, mbao imekwisha chini ya bati zuri lililopakwa rangi juzi. Kisha pitisha bisibisi nyembamba chini ya mbao ya kizingiti na nyuma ya matao ya magurudumu. Ikizama bila kusukumwa, hesabu bodi nzima kuvuliwa. Seremala mzuri wa Keko anaweza kuunakili mkunjo wowote, lakini akiweka mninga badala ya ash, mnunuzi anayejua atakata bei.

Hoja ya pili ni nakala. Kuundwa kwa mkono peke yake hakulindi bei. Lotus Seven, gari jingine dogo la wazi la Kiingereza, ilianza 1957, kampuni ya Caterham wakachukua haki zake 1973, na Caterham yenye kumbukumbu za kiwanda inauzika vizuri. Gari lililounganishwa uani kwa kufuata umbo lile lile mara nyingi linauzwa kwa hasara, kwa sababu hakuna anayejua nani alichomelea nini.

Ya tatu inatuhusu sisi. Chukua gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 na injini ya zaidi ya cc 2,000, ambalo thamani, bima na nauli ya meli ni shilingi milioni 60. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 15. Juu ya hiyo milioni 75, ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, asilimia 30 ni milioni 22.5, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 10, ni milioni 7.5. VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 105 ni 18.9. Jumla milioni 123.9, kabla ya tozo ndogondogo.

Kodi hiyo hairudishwi na mnunuzi wa Malvern. Atakayekurudishia ni mnunuzi wa hapa hapa, na wa magari haya Dar wanahesabika. Kwa hiyo anayesema Morgan inatunza thamani yuko sahihi akiwa Uingereza; kwa anayeagiza kutoka huko kwa matumaini ya kuuza Masaki baada ya miaka mitatu, hesabu imeshavunjika bandarini. Ambaye hesabu inamkalia sawa ni anayelikuta moja likiwa tayari na kadi ya Tanzania, namba ya chesisi inalingana na kadi, na mlango ukinyanyuliwa nguzo inabaki pale pale.