Chemchemi ya Baba Rehema

Hivi nani aliyesema sauti ya maji inatuliza akili? Aje Makorora alale kwangu usiku mmoja tu.

Chanzo ni Mama Rehema. Alikwenda kwenye shughuli Raskazone, akaona bustani ya watu: mawe yamepangwa, maji yanaruka juu yanarudi chini. Akarudi hali, hanywi. Mie ua wangu wote ni majamvi mawili, na nusu ni ya kuku. Nikamwambia, mke wangu, bahari ile pale, kaitazame bure. Akaninunia siku tatu. Ya nne nikatafuta fundi.

Fundi kaja na baiskeli, si Tanga hii. Mawe hayakuwa shida. Mji huu umekalia mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ndiyo shahidi. Yakaja na guta, saruji mifuko minne, majirani wakaanza kuuliza nani kafa. Akajenga mnara wa mita 1.5. Ulipendeza, wallahi, hata picha nilipiga.

Sasa pampu. Kasha limeandikwa wati 40, mita 1.5. Fundi akasoma akatabasamu: "Saizi yake hii hii, mzee." Mashoga wa Mama Rehema wamejaa barazani na vikombe vya kahawa. Tukachomeka. Pampu ikanguruma, maji yakapanda ndani ya bomba, yakapanda, yakafika mdomoni, yakasimama. Tunayaona kabisa yanatetemeka pale ukingoni, yanatuchungulia. Hata tone!

Kumbe ile mita 1.5 ndipo pampu inapokata roho. Ukitaka maji yatoke kwa heshima, mnara uwe kama nusu ya hapo. Aliyenieleza ni mtoto wa jirani, kidato cha pili. Fundi akabomoa mawe ya juu, na hela ya kubomoa akanidai. Nikampa, nifanyeje?

Basi maji yakatoka, na mie nikawa mtu wa watu. Kunguru wale wa shingo ya kijivu wamefanya ndipo bafuni kwao, na kila mmoja anakuja na mfupa wake wa samaki kuuloweka. Mzee wa nyumba ya pili kaomba pa kutawadhia. Utamnyima mtu udhu? Siku mabomba ya mtaa yakikauka, ndoo zinapanga mstari mlangoni: "Shikamoo Baba Rehema, moja tu." Maji yangu yakawa Tanga kwelikweli, waja leo waondoka leo. Nikahamia maji ya kisima, ya chumvi. Wiki ya tatu mawe yameota ukoko mweupe na pampu inakohoa.

Luku nayo. Wati 40 usiku na mchana ni karibu uniti nzima kwa siku, na hapo sijachemsha hata chai. Nikaamua usiku nazima. Haikuisha wiki, pampu yenyewe ikafa siku kadhaa, maji yakalala. Nainama kuchungulia, viluwiluwi wa mbu wanajipindapinda humo kama wako ngomani. Siku saba mpaka kumi za maji yaliyotulia zinamtosha mbu kutoka yai mpaka kukuuma.

Nikatengeneza pampu, nikaiacha iwake. Sasa hebu lala chumba ambacho nje yake maji yanachuruzika usiku kucha. Haja ndogo mara nne! Mama Rehema mara tano. Yule mzee wa udhu akamtuma mjukuu: "Babu anasema ufunge bomba lako, hajalala tangu juzi."

Nikizima, mbu. Nikiwasha, choo. Ndipo nikapata akili: nikanunua perege wanane wazima, kila mmoja kama kiganja, nikawatia humo, pampu mchana tu. Perege ni walafi wa viluwiluwi. Wiki mbili nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Muheza. Ijumaa natoka msikitini, tangu kwenye kona napokewa na harufu ya nazi na ndimu. Nikajua.

"Mwanangu," ananiambia huku anapakua, "mnafuga kitoweo hapo nje halafu mnanunua dagaa?"

Walikuwa watamu, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza kwa adabu zote, mama, umewamaliza?

"Astaghfirullah, mie si mchoyo. Nimekuachia mmoja wa mbegu."