Peugeot 504 haikuwa ngumu bure

Peugeot 504 nzima ikipita, hakosekani mtu wa kusema hizo ndizo zilikuwa gari, si hizi Toyota Noah za makaratasi. Nakubali nusu. Gari iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, ikaunganishwa Mombasa na kubeba abiria wa Nairobi–Nakuru, haihitaji wakili. Stesheni wagoni yake ina springi nne nyuma, mbili kila upande. Ndiyo maana ilijazwa watu na magunia isikae chini.

Ila ugumu huo ulilipiwa gereji. Pointi za distribyuta, vile vipande vinavyokata umeme wa kuwasha plagi, hurekebishwa ziachane milimita 0.4, zikilika, gari inakosa nguvu na kunywa mafuta. Bado valvu, bado kabureta, bado grisi. Na fundi asiyeijua huiulia kwenye silinda hedi. Slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, hazikushikana na bloku. Akishatoa hedi bila kuzibana kwa boliti na washa, akazungusha injini kidogo tu, slivu zinapanda na sili za chini zinaachia. Siku ya kuwasha, maji yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na oili inageuka chai ya maziwa.

Noah ya modeli ya AZR60, ya 2001 hadi 2007, haikusumbui na pointi, na taimingi yake ni cheni. Ubaya wake, inaumwa kimyakimya. Kuanzia 2004 nyingi zina gia boksi ya CVT: mkanda wa chuma kati ya puli mbili, unaoshika kwa msuguano. Inataka oili ya CVT aina ya TC. Ikimiminiwa ATF ya kawaida, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kwa kuwa ni rahisi, mkanda unateleza na kukwaruza puli, gari inatetemeka ikiondoka. Ikishafika hapo, kumwaga oili ni kujifariji; tafuta gia boksi nyingine.

Kwa kupeleka watoto shule sioni mjadala: Noah ina mikanda na mifuko ya hewa, wakati 504 nyingi nyuma hazina hata mkanda mmoja. 504 ni ya mwenye fundi mzee jirani, na muda.

Kabla ya kulipia Noah, iendeshe ikiwa imepata moto, ondoka taratibu mlimani, sikiliza mtetemo. Kabla ya kulipia 504, chomoa stiki ya oili uangalie rangi.