Gari likilala linakula: hesabu zangu za kununua lori Marekani

Mjomba wangu wa Makambako ana malori mawili, Scania zote mbili, na kila akinipigia simu lazima aniulize: "Sasa wewe utaendesha gari la watu mpaka lini?" Kwake jambo liko wazi. Kwetu, kwenye barabara ya Tunduma, kuna dereva na kuna tajiri. Dereva ana posho ya safari, tajiri ana gari. Ukikaa Marekani miaka saba na bado hujahamia upande wa pili, basi pesa unazila.

Hapa Columbus, Ohio, maneno ni hayohayo. Jumapili ukikaa na madereva wenzangu, Wakongo wa Bukavu, Wakenya, Warundi, nusu ya mazungumzo ni nani kanunua kichwa cha lori na nani kafungua kampuni. Namba inayotajwa ni ileile kila wiki: dola laki mbili kwa mwaka. Ukiigeuza kuwa shilingi za Tanzania ni kama nusu bilioni, ndiyo maana inasafiri vizuri kwenye WhatsApp. Na si uongo. Ila ni hela inayopita mkononi.

Nimekaa na daftari wiki mbili. Sasa hivi kampuni inanilipa senti 60 kwa maili, na kwa wiki naenda maili 2,400. Hiyo ni dola 1,440 kabla ya kodi. Tairi likipasuka Nebraska usiku wa manane, napiga simu ofisini, navuta blanketi.

Nikiwa na gari langu na kibali changu cha kusafirisha mizigo, kati ya maili hizo 2,400 kama 300 ni za kwenda tupu kufuata mzigo, hazina mlipaji. Zinabaki 2,100. Kwa dola 2.10 kila maili, inaingia 4,410 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 48 za kazi, laki mbili yenu hiyo hapo.

Sasa tutoe. Kichwa kinakwenda maili sita na nusu kwa galoni, kwa hiyo galoni 369, na dizeli ikiwa dola 3.70 ni 1,366. Bima nilitajiwa 1,300 kwa mwezi: sheria inataka kinga ya dola 750,000, lakini mabroka (madalali wa mizigo) wengi hawakupi mzigo bila milioni moja, na mwenye kibali kipya hana historia ya kumtetea. Hiyo ni 300 kwa wiki. Kichwa nilichokipenda kinauzwa 62,000; nikitanguliza 12,000, rejesho ni 1,450 kwa mwezi kwa miaka minne, yaani 335 kwa wiki. Tela la kukodi, 185. Dispacha wa kunitafutia mizigo anataka asilimia 5, na kampuni ya kunilipa mapema kwa ankara zangu asilimia 3, maana broka analipa baada ya siku 30 au zaidi na dizeli haisubiri: 353. Matairi na matengenezo naweka senti 25 kwa maili, 600. Vibali, ushuru wa barabara na maegesho, 120.

Inabaki 1,151.

Tajiri kapitwa na dereva kwa dola 289. Na hajagusa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ambayo leo nusu yake anaibeba mwajiri wangu, wala bima ya afya. Huwezi kusema utakesha ufidie, kama wanavyofanya wenzetu wa Tunduma: kifaa kilichofungwa kwenye gari kinahesabu masaa 11 ya usukani, na yote yaishe ndani ya masaa 14 tangu uanze kazi. Nawasikia mkisema, lakini gari litakuwa lako. Kweli. Hicho nilichokipenda kina maili 450,000; deni likiisha kitakuwa kimepita 900,000.

Kinachonitisha zaidi hakiko kwenye wiki za kazi. Bima, rejesho na tela ni 820 kila wiki, gari liende lisiende. Mwaka juzi mama alipofariki nilikaa nyumbani wiki tatu. Kampuni ilinipa pole, gari akapewa mwingine, basi. Lingekuwa langu, ningerudi nikute deni la 2,460, achilia mbali tiketi. Sijui ningeukaa msiba ule kwa moyo gani.

Hapa ndipo mimi na mjomba hatuelewani. Gari lake lilinunuliwa taslimu, kwa faida ya mbao za Mafinga. Giaboksi ikifa Mlima Kitonga, fundi anapanda basi na mfuko wake wa spana, wanapatana bei, anafungua palepale kando ya barabara. Siku tano, sita. Mjomba analaani, lakini hakuna benki inayompigia simu. Mateso yake ni mengine: dizeli inayonyonywa, mizani, foleni ya mpakani. Uzito wake unaruhusiwa hadi tani 56, wangu ni pauni 80,000, kama tani 36 tu, na bado ananiona mimi ndiye mwenye kazi kubwa. Gari lake likilala, limelala. Langu likilala linakula.

Halafu kuna wasio na hata ile 12,000 ya kutanguliza. Hao wanapewa lori kwa mkataba, na Mtanzania hahitaji maelezo marefu: ni bodaboda ya mkataba. Unapeleka hesabu kila wiki, muda ukiisha chombo ni chako. Lakini kijana wa boda Mbagala anayepeleka elfu kumi kwa siku anatafuta abiria mwenyewe. Mwenye pikipiki hana mkono kwenye abiria. Huku kampuni iliyokupa gari mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayokugawia mizigo. Ikikupunguzia maili, hesabu haipungui. Ukishindwa mwezi wa 30, gari linarudi na mwingine analianza mwezi wa kwanza. Januari 2025 jopo lililoundwa chini ya mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori lilipendekeza Bunge la Marekani lipige marufuku mikataba ya namna hii. Mpaka nikiandika haya, vijana wetu bado wanasaini.

Rafiki yangu mmoja Mkongo alinunua kwa mkopo mapema 2022. Mizigo ya papo kwa papo, isiyo na mkataba, ilikuwa imepita dola 3 kwa maili, na vichwa vilivyotumika viligombaniwa. Chake alikipata kwa 130,000. Juni mwaka huohuo dizeli ikapita dola 5.70 kwa galoni, na 2023 mzigo ukashuka hadi karibu dola 2. Rejesho halikushuka. Alilirudisha gari mwenyewe kwa waliomkopesha, akaacha funguo kwenye bahasha. Leo tunaendesha kampuni moja, na mada hii haigusi.

Sisemi mtu asinunue. Toa lile rejesho la 335 kwenye daftari langu na tajiri anampita dereva, ingawa kidogo, na ni kabla ya kodi. Nina jirani Mkenya aliyenunua gari kuukuu kwa fedha taslimu, anabeba mizigo ya kiwanda kimoja kati ya Ohio na Kentucky, usiku nne kwa wiki analala kwake. Halina hata friji. Huyo namheshimu. Mimi nimejiwekea sharti: kichwa nikilipe chote, na pembeni ibaki akiba ya miezi sita. Kwa mwendo wangu ni miaka mitatu mingine ya gari la watu.

Nilimpigia picha mjomba ukurasa wa daftari, nikamtumia. Alikaa kimya siku nzima. Jioni ikaja sauti yake: "Baki hapohapo. Ila hiyo elfu kumi na mbili ya kutanguliza unayo? Kuna kichwa cha Scania kinauzwa hapa Makambako."

Sijamjibu bado.