Nani Kasema Soksi Lazima Ianzie Juu?

Jumamosi nilikuwa nimekaa na wafumaji wenzangu, nafuma soksi kuanzia vidoleni kwenda juu, nimeshaupita mwanzo wa mgongo wa mguu, niko na raha zangu. Mama mmoja, ambaye ameshika sindano tangu mimi sijazaliwa, akanyoosha mkono, akaichukua soksi bila kuomba, akaipindua ndani nje, akaitazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia. "Mwanangu," akasema, "kuanzia vidoleni ni kazi ya watu wanaoogopa kufunga ncha ya vidole mwishoni." Mimi kimya. Akaipindua tena. "Halafu vitanzi vyako hivi vyote vimejisokota. Nani alikufundisha?"

Nikajibu, "Ahsante mama, nitaangalia." Mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini hiyo ahsante imenikwama kooni tangu siku ile, na leo naitema hapa.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo dogo. Vitanzi vyangu havijajisokota, vimesokotwa. Kujisokota ni ajali, kusokotwa ni kazi ya mtu. Kila kitanzi cha kawaida kwenye ruwaza ile nimekiingizia sindano kwenye mguu wake wa nyuma, ule uzi uliokaa upande wa nyuma wa sindano, kila mzunguko, bila kuruka hata mmoja, ili miguu yake miwili ipishane pale chini na mstari usimame juu ya kitambaa kama ugwe. Hicho cha ajali nakijua vizuri, nilikifuma mwaka mzima nilipokuwa naanza: unazungusha uzi upande usio wake, mzunguko unaofuata kitanzi kinakaa mgongo mbele, unakifuma bila kukitazama, yamekwisha. Kinajulikana mara moja kwa sababu kiko kimoja hapa, vitatu kule, kama chuya kwenye mchele. Kitambaa changu kina mistari inayoachana, inazunguka, inarudi kukutana. Ajali gani hiyo inayojua kuchora almasi?

Watu wa bonde la Enns, kule Styria nchini Austria, walikuwa wakifuma soksi zao ndefu hivyo hivyo: vitanzi vilivyosokotwa juu ya uwanja wa vitanzi vya kinyume, vile vinavyotoa nundu upande wa mbele. Maria Erlbacher ndiye aliyezikusanya ruwaza zao zisipotee. Moja inaitwa Brennende Liebe, mapenzi yanayowaka. Najaribu kumwaza bibi wa kule akiambiwa mapenzi yake yamejisokota.

Haya, tuje kwenye uoga.

Kufunga ncha najua. Nimezifunga kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi, mbele mara mbili nyuma mara mbili, pea nyingi tu, moja nikiwa na homa na bado mshono hauonekani. Siipendi kazi ile, basi. Mtu anaweza kujua kuogelea na bado akapita darajani.

Naanzia vidoleni kwa sababu kitambaa cha kusokota hakinyumbuki, na anayejua hilo kwa kusoma tu hajui kitu. Kitanzi cha kawaida kina nafasi ya kupumua. Ukikivuta upande kinafunguka kama mdomo. Ukikisokota, umekifunga mdomo. Uzi ule ule, sindano ile ile, idadi ile ile ya vitanzi, kitambaa kinapungua upana, kinakuwa kinene, kigumu kiasi. Kwa kofia hilo si tatizo. Soksi hufumwa ndogo kuliko mguu kwa sehemu ya kumi hivi ili ikubane vizuri, kwa hiyo yote unayoitegemea ni huo mnyumbuko. Sasa umeuondoa, halafu unaiomba soksi hiyo hiyo ipite kwenye kisigino.

Mimi kwenye soksi tupu, isiyo na ruwaza, nafuma vitanzi 64, sindano ya milimita 2.25, uzi ule wa mita 400 kwa gramu 100, na mguu unaingia bila maswali. Mwaka jana nikaichukua hesabu hiyo nikaiweka kwenye ruwaza ya almasi za kusokota, nusu ya soksi ruwaza, nusu ya unyayo tupu. Msiniambie habari ya kiraka cha majaribio. Nilikifuma, nikakifua, nikakikausha, nikakipima kwa rula, kikaniambia kila kitu sawa. Kiraka ni shahidi wa kupangwa. Kimelala mezani, kimenyooshwa kwa pini pande zote, maisha yake hakijawahi kuvutwa kupita mahali popote.

Nikaanza na vitanzi 24, kumi na viwili kila sindano, nikawa naongeza vinne kila baada ya mzunguko mmoja mpaka 64. Nikafuma almasi ya kwanza, nikaingia ya pili, mzunguko wa 26 wa ruwaza. Nikaivaa. Vidole vikakaa vizuri mno, nikatabasamu. Nikaivuta juu kidogo. Penye mgongo wa mguu ikasimama, na almasi zangu zikapanuka zikawa sahani, uwanja wa nyuma ukafunguka mpaka nikaona ngozi. Nikavuta tena, kwa hasira sasa, sindano mbili zikanichoma kifundo. Haikwenda.

Nikafumua yote mpaka kwenye ncha, nikaongeza vitanzi hadi 72, nikaendelea. Hasara yangu ilikuwa jioni moja na kikombe cha chai kilichopoa.

Najua tayari kuna mtu anaandaa jibu: hata soksi ya kuanzia juu inajaribika. Inajaribika, kweli, nakubali kwa shingo upande. Unalo bomba la mguu, unalivuta mpaka kupita kisigino, linakuambia habari za kifundo. Habari za mgongo wa mguu halikuambii, kwa sababu huko hujafika. Utafika baada ya kumaliza ribu, ule ukingo wa juu unaovutika, bomba zima, kisigino na pembe zake mbili, vile vipande vya pembetatu vya ubavuni, umeshapunguza vitanzi mpaka umerudi kwenye idadi ya mwanzo, na hapo ndipo ruwaza yako isiyonyumbuka itakapokutana na sehemu yenyewe iliyoinuka. Ukifumua hapo hufumui jioni moja. Nimeona mtu mzima akiitia soksi ya hivyo kwenye mfuko, akaufunga mfuko fundo, na hatujausikia tena.

Na urefu je? Unapoanzia juu, mahali pa kuanzia kupunguza kwa ajili ya vidole unapakisia. Soksi tupu itakusamehe ukikosea sentimita moja, itajivuta. Ya kusokota haisamehi, maana hata kwa urefu imejikaza. Utapata vidole vilivyokunjwa au utapata kimfuko kitupu mbele ya kidole gumba, na kimfuko hicho ndani ya kiatu ni adhabu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililigundua kwa kutazama soksi zangu mwenyewe kwenye kamba. Urefu wa unyayo umepangiwa na mguu, huna hiari. Urefu wa bomba la juu ni wako mwenyewe, utakavyo. Sasa almasi yangu moja ina mizunguko 24. Nikianzia juu, mwisho wa ruwaza unaangukia vidoleni, mahali ambapo lazima nisimame popote mguu unaposema simama, na almasi inakatwa kichwa katikati. Nikianzia vidoleni, almasi ya kwanza inaanza nzima, inapanda mgongo wa mguu, inapita mbele ya kifundo wakati kisigino kinafumwa nyuma yake bila kuisumbua, na huko juu nasimama almasi ya mwisho inapojifunga, niingie ribu. Bomba likizidi sentimita mbili, nani atalalamika? Mistari ya ribu yenyewe inatokana na mistari ya almasi, kitanzi kwa kitanzi, hakuna mahali ruwaza inapogonga ukuta. Ile tu ingetosha. Hata kama soksi ya juu ingejaribika kila sentimita, hata kama ncha zingejifunga zenyewe usiku nikilala, bado ningeanzia vidoleni kwa sababu ya almasi ile ya mwisho.

Uzi nao. Unagawa gramu 50 kwa 50, unafuma mpaka unakaribia kuisha. Hakuna kulala na wasiwasi.

Kuhusu chati, ule mchoro wa miraba unaoonyesha kila kitanzi, hapo wa kuanzia juu wana haki ya kucheka, maana mimi nilichekesha. Ruwaza nyingi zimechorwa kwa soksi ya kushuka. Almasi haijali, juu na chini ni mamoja kwake. Majani yanajali, mioyo inajali zaidi. Moyo uliogeuzwa ni kitu kingine kabisa na sitaki kukitaja. Kwa hiyo mara ya kwanza nikasema, rahisi, nasoma chati kuanzia mstari wa juu nikishuka. Nikafuma mizunguko kumi. Mistari ikakimbiana. Ile iliyotakiwa kukutana ikapeana mgongo, nikadhani nimehesabu vibaya, nikafumua, nikafuma tena, ikakimbiana tena. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Mstari unaopanda kwenda kulia, ukiusoma kutoka juu, unakwenda kushoto. Alama inayosema kitanzi kipite kulia lazima sasa isomwe kipite kushoto, na ya kushoto kulia, zote, bila kusahau hata moja. Au, ufanye nilivyokuja kufanya baada ya kusaga meno wiki nzima: shika karatasi yenyewe, izungushe kichwa chini miguu juu, na usome kama kawaida kuanzia kulia chini. Mlalo wa mstari uliozungushwa haubadiliki, wa kulia unabaki wa kulia. Wiki nzima, jamani, na dawa ilikuwa kugeuza karatasi.

Mengine nawapa, nisije nikaitwa mbishi. Kisigino cha ubao, kile cha kurusha kitanzi kimoja kimoja, kinafumika kirahisi zaidi ukishuka na kinadumu. Ukipanda unakipata pia, ila kwa kuongeza pembe kabla ya kisigino na kuhesabu kama mhasibu. Kufunga vitanzi kule juu ni mtego: ukifunga kwa mkono wa kawaida unapata mdomo mkali unaokata shavu la mguu. Nilikuwa nafunga na sindano nene zaidi, ikawa inapunga kama sketi, mpaka nilipojifunza njia ya Jeny Staiman ya kurusha uzi kabla ya kila kitanzi, na hapo nikakoma kulia. Unyayo usiusokote, vitanzi vya kinyume chini ya mguu utavihisi kila hatua. Na uzi wa rangi saba usiuguse kwa ruwaza hii. Unafuma wiki tatu, halafu rangi zinakula almasi zote, inabaki soksi yenye mabaka na mgongo unaokuuma.

Wanaosema kuanzia vidoleni ni mtindo wa vijana wa juzi, niwakumbushe tu soksi za zamani zilizopatikana Misri, za pamba ya buluu na nyeupe, za zama za kati, zina mamia ya miaka. Zimeanzwa vidoleni. Kisigino wamekitia mwisho. Sijui hao nao walikuwa wanaogopa nini.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli, niseme na huu: njia ninayoanzia ncha, ile ya Judy Becker aliyoitoa mwaka 2006, inakuachia vitanzi vya sindano ya pili vimekaa mgongo mbele. Mzunguko wa kwanza lazima uvifume kwa mguu wa nyuma ili vinyooke. Kile kile ninachofanya juu kusokota, pale chini nakifanya kusokotoa. Nilisahau kwenye soksi ya kushoto. Kwa hiyo mama yule, alipoipindua ncha ndani nje na kuitazama kwa muda mrefu vile, kuna vitanzi kumi na viwili kwenye mstari wa kwanza kabisa ambavyo, haya, vimejisokota. Sikumwambia. Sitamwambia.

Soksi ya kulia iko kwenye sindano sasa hivi, chati nimeigeuza upande ili almasi zitazamane na za mwenzake. Niko mzunguko wa 22 na nimeona hivi punde kwamba kwenye wa 19 nimepitisha kitanzi nyuma badala ya mbele, mapishano moja tu, karibu na kidole kidogo. Hakuna atakayeliona. Mama yule ataliona. Nimeshachukua kulabu, nashusha vitanzi viwili mizunguko mitatu, navipandisha tena nikiingiza kulabu upande wa nyuma kila hatua ili visokotwe upya, na kama taa haitanitupa nitakuwa nimemaliza kabla ya kulala.