Mzambarau, mama mkwe na pevingi zangu

Mwezi wa kwanza ndo zambarau zinaiva Dar, na mimi na akili zangu timamu ndo mwezi niliochagua kupunguza mzambarau wetu. Sababu ni mama mkwe. Kapiga simu toka Tanga kasema Jumamosi anakuja, mke wangu akatazama juu akaona tawi limelalia bati, akaniuliza, "Likimwangukia mama yangu hapo barazani utawaambia nini kaka zangu?" Hao kaka zake nawajua. Nikaenda kutafuta mtu wa chenso.

Sasa chini ya ule mti ndo kuna pevingi. Za kijivu, mpya, hata miezi mitatu hazijafikisha, hela ya mke wangu ya kikoba. Mita 30 za mraba, kila mita bloku 50, jumla 1,500, na hiyo hesabu siitoi kwa fundi, naitoa magotini mwangu, mtaelewa.

Kijana wa chenso akaja Alhamisi na bodaboda, chenso kaipakata kama mtoto mchanga. Nikamuuliza, tutandike turubai? "Mzee, kazi ya nusu saa hii, turubai la nini." Na mimi turubai lenyewe ningeazima kwa jirani, mwalimu mstaafu, ambaye toka ile ishu ya kuku wake kwenye mchicha wetu salamu zetu ni za kukohoa tu, nikaona bora hivyo hivyo.

Nusu saa ikawa masaa manne. Matawi yanashuka na zambarau zake zote, watoto wa mtaa wameingia sijui wamepita wapi, wanaokota wanakula wanakanyaga wanakimbia, chenso nayo inatema maana jamaa anailainisha na oili chafu ya gari, halafu magogo akayaacha pale pale juu ya pevingi eti atarudi kuyafata, na usiku mvua ikanyesha. Ijumaa asubuhi mke wangu kafungua mlango. Kasimama. Karudi ndani, katoka na miwani, kaangalia tena.

Uwani kulikuwa na nyayo za zambarau mpaka getini, unaona kabisa na kidole gumba. Kuna mchirizi wa oili. Na pale magogo yalipolala pamekuwa peusi tii, kama mtu kamwaga chupa ya wino.

Nikaanza na magadi ya jikoni, nikakoroga ndoo nzima nikamwaga. Hapa naomba mniamini jamani, zile zambarau ziligeuka bluu, halafu bluu ikaanza kuelekea kijani, na kadiri ninavyosugua ndo rangi inakolea.

"Umeweka nini wewe?" mke wangu huyo, dirishani.

"Magadi."

"Mbona kijani?"

"Na mimi ndo nashangaa."

Dada wa genge akanishauri limau. Nikanunua malimau ya elfu tatu, nikakamua mpaka vidole vikawaka moto, bloku zikaanza kutoa povu pssss kama soda. Nikafurahi, nikajua dawa inachapa kazi, kumbe ni saruji yenyewe inaliwa. Doa? Limekuwa pinki. Sasa uwanja mmoja una zambarau, bluu, kijani, pinki na nyeusi, mtoto wangu wa mwisho akatoka na kikombe cha chai akauliza, "Baba, leo besdei ya nani?"

Nikasema isiwe tabu, nikachukua chupa ya jiki nikafungua nimwage juu ya yale malimau, nikasikia sauti toka ng'ambo ya ukuta, "WEKA CHINI HIYO CHUPA!" Mwalimu. Miezi minne hatujaongea, neno la kwanza ndo hilo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Jiki na limau vikikutana vinatoa gesi ya klorini, unataka mkweo aje kwenye msiba?"

Kumbe mzee alikuwa anafundisha kemia, na alikuwa ananiangalia toka kwenye magadi! Anasema rangi ya zambarau ikikutana na magadi inaenda bluu na kijani, ikikutana na asidi inaenda pinki, yaani nimefanya praktiko ya litimasi, ile karatasi ya shule ya kupimia asidi, uwanja mzima. Na ule weusi ni tanini, ule ukakasi wa kwenye magome, imekutana na chuma cha chenso, wino wa zamani ulikuwa unatengenezwa kwa mtindo huo huo. Kilichoniuma ni kwamba dawa zote nilikuwa nazo ila nimezipeleka kwa wagonjwa siyo: jiki ndo ya zambarau, limau ndo la ule wino, na oili ilitakiwa inyweshwe vumbi la mbao kwanza ndo ije sabuni ya unga. Katikati ya dawa na dawa, maji mengi sana.

Halafu akanirushia turubai juu ya ukuta. "La kupigia magoti," akasema, akaingia kwake.

Nilisugua mpaka saa nne usiku na tochi ya simu. Jiki ikaniishia nimemaliza pale karibu na baraza tu, kwingine nikatandika mkeka, nikapanga na ndoo za maua, gogo moja nikalifanya kigoda.

Jumamosi mama kafika, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kapita kwenye nyayo, kapita kwenye pinki, wala hakuangalia chini, mimi jasho linanitoka. Alipofika barazani, pale nilipopasugua mpaka pakawa peupe kuliko siku fundi alipopanga zile bloku, akasimama akapanyooshea kidole.

"He! Hapa mmemwaga nini?"

Mke wangu akaniwahi. "Chokaa, mama. Mkweo huyo."

Mama akanitazama, akatikisa kichwa, akavua viatu akaenda kukaa kwenye mkeka.