Vumbi la Mererani haliandikwi kwenye faili

Juzi nilikuwa wodi ya kifua na mgonjwa wetu, raundi ikapita. Kitanda cha pili yake kulikuwa na kijana wa Mererani, kule kwenye machimbo ya tanzanite, TB imemrudia. Mwanafunzi akaisoma historia kwa sauti ya mtu anayetafuta maksi: kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, dozi ya miezi sita kaikatisha. Daktari bingwa akamgeukia kijana: "Mbona mkaidi hivyo wewe?" Wanafunzi wakacheka, wakaandika, wakahamia kitanda kingine.

Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Mererani jamani! Hata mimi nisiyejua kushika stethoskopu ningeuliza. Mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, anachoronga mwamba bila maji ya kutuliza vumbi, analala geto wamebanana, na mgawo wake wa mauzo hauji mpaka jiwe litoke. Mwambie asishuke shimoni miezi sita, halafu ale nini? Vumbi lile likishakaa mapafuni halitoki, silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo la mwamba, haina dawa ya kuiponya, na TB inayapenda sana mapafu ya namna hiyo. Ameze vidonge vyote bila kuruka hata kimoja, bado anarudi shimo lile lile. Mwaka 2018 serikali ilizindua ukuta wa kilomita 24 na ushee kuzunguka machimbo ili tanzanite isitoroshwe. Vumbi, nadhani, lina kibali.

Mtasema wanafundishwa, somo la afya ya jamii lipo. Lipo, ndiyo, la kukesha nalo usiku mmoja kabla ya mtihani. Lakini udaktari wenyewe wanajifunzia kwenye raundi, kwa kumwangalia mkubwa anauliza nini. Asichouliza yeye, mwanafunzi anajua hakina maksi. Kicheko kile kimefuta slaidi za muhula mzima.

Haya, nakubali shingo upande: daktari hamiliki mgodi, na ratiba yao imejaa hadi pomoni. Ila Virchow, yule daktari Mjerumani, naye hakuwa waziri. Serikali ya Prussia ilimtuma jimbo la Upper Silesia mwaka 1848 kuchunguza mlipuko wa taifasi, homa inayoenezwa na chawa, akarudi anadai shule, barabara na kodi isiyowaonea maskini. Wakubwa hawakufurahi.

Mimi nataka kitu kidogo tu. Kwenye mtihani wa wodini, asiyejua mgonjwa wake anaishi wapi na anakula kwa kazi gani afeli, sawa na aliyeshindwa kusikiliza mapafu. Wakirudia mwaka wawili watatu, waliobaki watauliza bila kusukumwa. Na mabingwa nao watahiniwe siku hiyo hiyo.